Kiti cha Kumi na Nne

Mhandisi Muzna amenivisha kofia ngumu ya njano
juu ya ushungi, nimekuwa kama jogoo.
"Ni sheria, bibi. Dari bado haijakaa sawa."
Dari hii naijua. Ilivuja mwaka wa sabini na saba,
mvua iliposhuka na bonde zima la Ruwi,
tukatega mabeseni kati ya mitambo
na simu zikaendelea kulia.

Hapa palikuwa Simu. Hatukusema jengo, hatukusema ofisi,
tulisema tu: naenda Simu.
Ghorofa tatu za saruji, madirisha membamba ya kukonyeza,
na nyuma yake mlima mkavu
usio na kivuli cha kumtosha mbuzi.
Nilikuja kutoka Unguja na Kiarabu cha Juzuu Amma:
sura nzima naisoma kwa ghibu,
kilo ya vitunguu siwezi kuagiza.
Lakini alitakiwa mtu wa kuita Mombasa, Bujumbura, Dar es Salaam,
mtu wa kusema, "Ngoja kidogo, mama, usikate."
Nikapewa kiti. Cha kumi na nne.

Miaka kumi na tisa, waya huku, waya huku.
Hatukuruhusiwa kusikiliza. Tulisikiliza.
Kuna aliyeozeshwa masikioni mwangu.
Kuna aliyefiwa nikajua mimi kabla yake,
nikamwambia laini mbovu, subiri,
ili kwanza amalize kucheka na wenzake.

Sasa ukumbi wa mitambo utakuwa wa kulia chakula.
Lifti itapanuliwa iingie machela;
Muzna hasemi machela, anasema kitanda cha magurudumu.
"Na kiti changu kinaangukia wapi?"
Anakunjua ramani, anapima kwa kidole,
anaona haya.
"Hapo ni choo, bibi. Cha wanawake. Kina vishikio."
Nikacheka hadi kofia ikanitoka.
Miaka kumi na tisa naomba ruhusa ya kwenda chooni,
leo choo kimenifuata kitini.

Saud, kitinda mimba wangu, hacheki.
Tangu tuanze habari hii anazungumza kwa sauti ya matangani.
Jana garini kaniambia: watu watasema nimekutupa.
Nikamwambia: wape namba ya kunipigia.
Ana nyumba Al Khoud, sebule mbili, moja ya wageni wasiokuja.
Mkewe mwema, wanawe wema,
na wote saa kumi na mbili na nusu wameshatoka.
Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.
Nimeingia, mwanangu. Ndani mna friji.
Inaunguruma, nami naiitikia.

Chumba changu, nikikitaka, kilikuwa stoo ya betri.
Harufu ya tindikali bado imo,
au imo puani mwangu tu.
Kando ya kitanda, kamba nyekundu.
"Ukivuta, nesi anakuja."
"Wa wapi?"
"Kerala. Manila. Pengine Nizwa."
"Na saa tisa za usiku anasema lugha gani?"

Muzna kimya.
Binti yangu, Kiarabu changu hulala mapema kuliko mimi.
Mama yangu, mwezi wake wa mwisho, alimshika daktari mkono:
"Baba, nipe maji ya mtungini."
Daktari akaandika: anaweweseka.
Hakuwa anaweweseka. Alikuwa na kiu.

Akatoa daftari, akageuza ukurasa wa vipimo vya milango.
Andika: maji. Andika: naumwa hapa.
Andika: usizime taa.
Akaandika kwa herufi za Kiarabu, akanisomea: "Usizima taa."
"Usizime," akasema Saud kutoka mlangoni,
kwa Kiswahili nilichodhani alikiacha shule ya msingi,
"mwisho ni e. Usizime."

Nikaivuta ile kamba, nione.
Haijaungwa bado.